Kihifadhi cha Mtandao Kilichozeeka: Kukisasisha, Kukikarabati au Kukistaafisha

Katika studio nyingi za picha, ofisi za uhasibu, zahanati, shule, na siku hizi hata katika sebule za watu, kuna kisanduku kilichowekwa kando ya ruta ambacho taa zake huwaka usiku na mchana na ambacho hakuna anayekumbuka vizuri kilinunuliwa lini. Ndani yake mna diski moja, mbili au nne. Kompyuta zote za mahali hapo huweka mafaili yake humo kupitia kebo ya mtandao au Wi-Fi, na wengi hukifahamu kwa herufi tatu zilizoandikwa kwenye boksi lake, yaani NAS. Katika makala hii tutakiita kihifadhi cha mtandao, au kihifadhi kwa kifupi.

Mtumiaji wa kawaida hukichukulia kihifadhi kama kabati: ukishaweka kitu na kufunga mlango, kimekaa. Ufananisho huo una kasoro. Kihifadhi ni kompyuta kamili, yenye prosesa, kumbukumbu na mfumo endeshi wake, isipokuwa tu haina kioo wala kibodi. Programu inayokiendesha, ambayo huitwa programu dhibiti, iliandikwa na watu, ina makosa ya watu, na makosa hayo hugunduliwa mwaka hadi mwaka na watu wema na wabaya vilevile. Kwa hiyo kihifadhi huzeeka mara mbili: chuma chake huchakaa, na programu yake hupitwa na wakati hata kama chuma bado ni kizima. Uzee wa aina ya pili ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu hauna dalili. Diski inayokufa mara nyingi hugonga au hukwaruza. Programu iliyopitwa na wakati hukaa kimya.

Yaliyowakuta wengine

Mwezi Juni 2021, watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wakitumia vihifadhi vya aina ya My Book Live, vilivyotengenezwa na kampuni ya Western Digital, walikuta vifaa vyao vimerejeshwa katika hali ya kiwandani. Mafaili ya miaka mingi yalikuwa yamefutika, na nywila walizozizoea hazikukubali tena. Hawakuwa wamebonyeza kitu chochote. Amri ya kufuta ilikuwa imetumwa na wavamizi kupitia intaneti.

Vihifadhi hivyo viliingia sokoni mwaka 2010, na sasisho la mwisho la programu dhibiti yake lilitolewa mwaka 2015. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwapo kwa mianya miwili. Mmoja ulikuwa umekwisha kutangazwa hadharani kabla ya tukio, lakini kwa kuwa msaada wa mtengenezaji ulikuwa umekoma, hapakuwa na sasisho la kuuziba. Mwingine ulikuwa wa ajabu zaidi: mistari ya programu iliyopaswa kudai nywila kabla ya kufuta kila kitu ilikuwa imezimwa tangu mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2011. Kwa miaka kumi mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa, na wenye nyumba hawakujua. Kampuni iliwashauri watumiaji kuvichomoa vifaa kwenye intaneti, na baadaye ikawapa waathirika huduma ya kurejesha data pamoja na mpango wa kubadilishiwa kifaa. Ikumbukwe kwamba diski za watu hao hazikuwa na ubovu wowote.

Kisa cha pili ni cha Agosti 2014. Programu hasidi iliyojulikana kwa jina la SynoLocker iliingia katika vihifadhi vya Synology, ikafunga mafaili kwa maandishi ya siri na kuwadai wenyewe bitcoin 0.6 ili yafunguliwe. Dosari iliyotumika ilikuwa imekwisha kurekebishwa na mtengenezaji Desemba 2013. Kwa takribani miezi minane dawa ilikuwapo, bila malipo, na waliokuwa wameitumia hawakuguswa.

Kisa cha tatu ni cha Aprili 2024, pale ilipobainika kuwa modeli kadhaa za zamani za D-Link, zikiwamo DNS-320L na DNS-325, zina dosari inayomruhusu mvamizi kuamrisha kifaa akiwa mbali. Kampuni ilieleza kuwa modeli hizo zimemaliza muda wake wa msaada, hazitapewa sasisho, na ikawashauri wamiliki wazistaafishe.

Visa hivi vinatofautiana kwa jambo moja ambalo ndilo linaloamua hatua zote zitakazofuata. Katika kisa cha pili, kusasisha kulitosha. Katika cha kwanza na cha tatu hapakuwa na sasisho la kungoja. Hivyo, kabla ya kununua kipuri au kumwita fundi, ni muhimu kujua kihifadhi chako kimo katika kundi lipi. Kigeuze usome lebo iliyo chini yake; andika namba ya modeli kama ilivyo, pamoja na herufi ndogo zinazoonyesha toleo la umbo la kifaa, kama vile A1, B1 au V2, kwani vifaa viwili vyenye jina moja vinaweza kuwa na programu dhibiti mbili zisizoingiliana. Kisha fungua ukurasa wa mipangilio wa kihifadhi na uandike toleo la programu lililomo. Hatimaye tembelea tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya msaada, na uangalie mambo mawili: tarehe ya sasisho la mwisho, na kama modeli yako imetajwa katika orodha ya vifaa vilivyositishiwa msaada.

Nakala kwanza

Hakuna sehemu ya makala hii yenye uzito kuliko hii. Kusasisha programu na kubadilisha diski ni kazi ambazo kwa kawaida huisha salama, lakini ni kazi ambazo zikienda vibaya huenda na kila kitu.

Watumiaji wengi huamini kuwa tayari wana nakala rudufu kwa sababu kihifadhi chao kina diski mbili zinazoandika kitu kilekile, mpangilio ambao mafundi huuita RAID 1 na ambao tunaweza kuuita wa diski pacha. Imani hiyo imewaliza wengi. Diski pacha hukulinda dhidi ya jambo moja tu, yaani kufa kwa diski moja. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Programu hasidi ikifunga mafaili, inayafunga yote mara mbili. Radi ikipiga, au mwizi akibeba kisanduku, pacha wote wawili wanaondoka pamoja.

Nakala rudufu ya kweli ni ile iliyo katika chombo kingine, kilichochomolewa, na ikiwezekana kilicho katika jengo lingine. Kwa mtumiaji mdogo, diski moja ya nje ya USB inatosha. Nakili mafaili yote, kisha usiridhike na kuona kazi imeisha: fungua mafaili kumi hivi ya miaka tofauti, picha ya zamani kabisa, hesabu za mwaka wa kati, video ndefu, uone kama yanafunguka hadi mwisho. Baada ya hapo ichomoe diski na uipeleke kwa ndugu, nyumbani au popote palipo mbali na kihifadhi.

Jipe muda. Kihifadhi chenye tundu la mtandao la megabiti 100 kwa sekunde hakiwezi kutoa zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde, na katika matumizi halisi hutoa pungufu kidogo. Kwa hiyo kuhamisha terabaiti moja huchukua kama siku nzima na zaidi. Usianze kazi hiyo saa kumi jioni ukitumaini fundi atasasisha kifaa kabla ya kufunga ofisi.

Mwandishi wa makala hii huulizwa mara kwa mara iwapo fedha kidogo iliyopo itumike kuongeza kumbukumbu, kubadilisha diski au kununua kifaa kipya. Jibu halijawahi kubadilika: kama huna nakala rudufu, fedha ya kwanza iende kwenye diski ya nje. Mengine yasubiri.

Kusasisha programu dhibiti

Sasisho huchukuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji au kupitia kitufe cha kusasisha kilicho katika ukurasa wa mipangilio wa kifaa chenyewe. Usikubali faili lililoletwa na fundi kwenye flashi bila kujua alilitoa wapi. Watengenezaji wengi huchapisha, kando ya kila faili, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotumika kuhakiki kuwa faili ulilopakua halikuharibika njiani wala kubadilishwa. Fundi makini atajua kuutumia, na una haki ya kumwomba akuonyeshe.

Soma maelezo yanayoambatana na sasisho, hata kama ni marefu na yameandikwa kwa Kiingereza kigumu. Humo ndimo hutajwa mambo mawili ambayo watu huyagundua wakiwa wamekwisha kuchelewa. La kwanza ni kwamba kifaa kilichokaa miaka mingi bila kusasishwa mara nyingi hakiwezi kuruka moja kwa moja hadi toleo la mwisho. Hutakiwa kupitia matoleo ya kati, moja baada ya jingine. La pili ni kwamba baadhi ya masasisho hayarudi nyuma. Ukishapanda, huwezi kushuka, hata ukigundua kuwa printa au kamera zako za ulinzi hazielewani tena na kihifadhi.

Hifadhi mipangilio iliyopo kwenye kompyuta, na kama kihifadhi chako hakina uwezo huo, piga picha za kurasa za mipangilio kwa simu. Majina ya watumiaji, ruhusa za makabrasha na anwani ya mtandao ya kifaa ndivyo vitu vinavyopotea mara nyingi.

Kisha kuna suala la umeme. Wakati wa kusasisha, kifaa hufuta programu yake ya zamani na kuandika mpya, na umeme ukikatika katikati ya uandishi huo kinaweza kubaki hakina ya zamani wala mpya. Wengine huamini kuwa kufanya kazi hii usiku wa manane kunatosha. Hakutoshi. Unganisha kihifadhi pamoja na ruta kwenye UPS yenye betri nzima, na uijaribu UPS hiyo siku moja kabla kwa kuchomoa waya wake ukutani, kwa sababu nyingi zilizomo maofisini zina betri zilizokufa zamani na hufanya kazi ya soketi tu. Tumia kebo, si Wi-Fi. Sitisha shughuli nyingine zote za kihifadhi. Baada ya kubonyeza, ondoka. Ukurasa unaweza kuganda, taa zinaweza kumeta kwa namna usiyoizoea, na kifaa kinaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Vihifadhi vingi vimeharibiwa na wamiliki waliokosa subira ya dakika ishirini.

Kazi haijaisha kifaa kinapowaka tena. Badilisha nywila ya msimamizi, hasa kama bado ni ile iliyokuja kiwandani. Zima huduma usizozitumia. Katika vifaa vya zamani Telnet na FTP mara nyingi huwa wazi bila sababu. Zaidi ya yote, angalia kama kihifadhi kinafikika kutoka intaneti. Ruta nyingi zina huduma iitwayo UPnP inayoruhusu kifaa cha ndani kujifungulia mlango wa nje bila kumuuliza mwenye nyumba. Izime huduma hiyo kwenye ruta, na kama kuna milango iliyofunguliwa kwa mkono na fundi wa zamani ili mkurugenzi aone mafaili akiwa safarini, ifunge. Kihifadhi kilichosasishwa hakina sababu ya kujianika, na kisichosasishwa hakina haki hiyo kabisa.

Kompyuta mpya isipokiona kihifadhi

Lalamiko la kawaida huwa hivi: ofisi imenunua kompyuta mpya, za zamani zinakiona kihifadhi lakini mpya haikioni, na muuzaji anashukiwa kuuza kompyuta mbovu. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Vihifadhi vya zamani huzungumza na kompyuta kwa itifaki iitwayo SMB, na baadhi yake vinajua toleo la kwanza tu la itifaki hiyo. Toleo hilo ndilo lililokuwa na dosari katika mifumo ya Windows iliyotumiwa na programu hasidi ya WannaCry, iliyosambaa duniani Mei 2017, na tangu mwishoni mwa mwaka huo matoleo mapya ya Windows 10 yalianza kutoka bila kuliwasha.

Fundi mwenye haraka atakuwashia toleo hilo la zamani katika kompyuta mpya, mafaili yataonekana, na kila mtu atafurahi. Tunashauri usianzie hapo. Anza kwa kusasisha kihifadhi, kisha uangalie katika mipangilio yake kama kuna sehemu ya kuchagua toleo la pili au la tatu la SMB. Vifaa vingi vilivyopata masasisho vina sehemu hiyo, ila imefichwa chini ya mipangilio ya juu. Ikiwa haipo, basi umepata ushahidi mmojawapo kuwa kifaa kimefika ukingoni, na toleo la zamani liwashwe katika kompyuta moja tu, kwa siku moja tu, kwa lengo la kuhamisha mafaili.

Kuna tatizo lingine linalofanana na hilo: kivinjari kukataa kufungua ukurasa wa mipangilio kwa maelezo kuwa muunganisho si salama. Vivinjari vikubwa viliacha kukubali matoleo ya kale ya usimbaji wa mawasiliano mwaka 2020. Hapa pia tiba ni sasisho. Kama unahitaji kufungua ukurasa huo ili ndipo usasishe, tumia kompyuta ya zamani yenye kivinjari cha zamani, iliyochomolewa kwenye intaneti.

Chuma: kipi kibadilishwe

Anza na vitu vya bei ndogo. Kebo ya mtandao ina nyaya nane, na kasi ya gigabiti moja huhitaji zote nane; kebo iliyotengenezwa kwa nyaya nne, au iliyokatika waya mmoja ndani, huishusha kasi hadi megabiti 100 bila kukueleza. Wako waliouziwa kumbukumbu na diski mpya ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye kebo. Feni iliyojaa vumbi hupandisha joto la diski. Katika miji ya pwani, ambako unyevu na chumvi ya hewani hukamata vumbi na kuligeuza utando, isafishwe angalau kila baada ya miezi michache, kifaa kikiwa kimezimwa na kuchomolewa. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, mara nyingi ya aina ya CR2032, ikifa saa ya kifaa hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na mafaili mapya huonekana kama ya miaka iliyopita.

Adapta ya umeme inastahili aya yake. Hiyo ndiyo sehemu inayokufa mapema katika vihifadhi vidogo, kwa kuwa kapasita zake huvimba kwa joto na kwa umeme unaopanda na kushuka. Dalili zake hufanana na za diski mbovu: kifaa kinajizima, diski inawaka na kuzima, taa hazitulii. Kabla hujakubali kununua diski, omba kujaribu adapta nyingine. Ya kubadilishia lazima iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani, mpangilio uleule wa chanya na hasi kwenye ncha, na ampea sawa au zaidi. Chaja ya kompyuta mpakato ya volti 19 inaweza kuingia vizuri katika tundu la kihifadhi cha volti 12. Haitatoa onyo, itaunguza.

Kuhusu diski, jambo la kwanza ni ukomo. Vihifadhi vya kale zaidi hupanga diski kwa jedwali linalohesabu vipande vya baiti 512 kwa namba ya biti 32. Hesabu hiyo inaishia kwenye vipande 4,294,967,296, yaani takribani terabaiti 2.2. Ukiweka diski ya terabaiti 6 katika kifaa cha namna hiyo, ama kitaikataa, ama kitakupa terabaiti mbili na kidogo na kuzipoteza nyingine. Mtengenezaji huchapisha orodha ya diski zinazokubalika kwa kila modeli, na wakati mwingine sasisho la programu dhibiti huongeza ukomo huo, ndiyo maana kusasisha kutangulie kununua.

La pili ni aina. Zipo diski ambazo mistari ya uandishi wake hulaliana kama vigae vya paa, ili nafasi ipatikane zaidi. Teknolojia hiyo huitwa SMR. Ukitaka kubadilisha kigae cha chini hunabudi kuinua vya juu yake, na ndivyo diski hizo zinavyofanya: huandika vizuri mwanzoni, kisha zikielemewa hupunguza kasi mno. Katika kihifadhi cha diski pacha, pale diski mpya inapojazwa kwa saa nyingi mfululizo, ucheleweshaji huo unaweza kukifanya kihifadhi kiione diski mpya kuwa ni mbovu na kuikataa. Aprili 2020, Western Digital ilithibitisha kuwa baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa ajili ya vihifadhi, zilikuwa za aina hiyo, jambo ambalo wanunuzi wengi hawakuwa wameelezwa. Muulize muuzaji waziwazi kama diski ni ya SMR au CMR. Unachokitaka ni CMR, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Katika kihifadhi cha diski pacha, badilisha diski moja, subiri ijazwe hadi kifaa kiseme kazi imekamilika, ndipo ubadilishe ya pili. Hatua hiyo ya kujaza ndiyo saa ya hatari. Diski ya zamani iliyobaki husomwa yote, mwanzo hadi mwisho, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, nayo ina umri uleule wa mwenzake aliyekufa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, fungua taarifa ya afya ya diski, iitwayo SMART, na uangalie mistari miwili: namba 5, inayoonyesha vipande vilivyokwisha kubadilishwa, na namba 197, inayoonyesha vipande vinavyosubiri uamuzi. Thamani ghafi ikiwa sifuri kwenye yote miwili, endelea. Ikiwa inaongezeka kila unapoangalia, acha kila kitu na urudi kwenye nakala rudufu.

Kuongeza kumbukumbu kuna faida katika baadhi ya modeli kubwa, lakini vihifadhi vingi vidogo vya zamani vina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Asikudanganye mtu.

Unapomkabidhi fundi

Andika namba za mfululizo za diski zote kabla kifaa hakijaondoka, na umpe fundi nakala ya karatasi hiyo aisaini. Mkubaliane kwa maandishi ni kazi gani itafanyika na kwamba hakuna diski itakayofomatiwa bila idhini yako. Sharti hilo la mwisho lina sababu. Vihifadhi vingi huandika diski kwa mfumo wa mafaili wa Linux, ambao Windows haiusomi. Fundi akiichomeka diski hiyo kwenye kompyuta yake, Windows humwambia kuwa inahitaji kufomatiwa ili itumike. Diski haihitaji kufomatiwa. Inahitaji kompyuta yenye Linux, na kwa baadhi ya modeli za zamani inahitaji hata programu maalumu juu ya hiyo. Mbofyo mmoja wa kukubali katika hatua hiyo unaweza kugharimu zaidi ya bei ya kihifadhi chenyewe.

Msaada ukiwa umekoma

Ikiwa mtengenezaji ameacha kutoa masasisho, kifaa hakilazimiki kutupwa siku hiyohiyo. Kinalazimika kutolewa kwenye intaneti. Katika ruta, zuia anwani yake isitoke nje wala kufikiwa kutoka nje, kisha hamishia mafaili ya kila siku kwenye kifaa kingine. Cha zamani kinaweza kubaki kuwa mahali pa nakala ya ziada, kikawashwa mara moja kwa wiki kwa saa chache na kuzimwa.

Kwa mwenye ujuzi, au mwenye fundi mwenye ujuzi, kuna njia nyingine mbili. Baadhi ya vihifadhi vya zamani hukubali kuwekewa mfumo huria kama Debian badala ya programu ya mtengenezaji, ingawa kazi hiyo ni ya taratibu na ikikosewa hufunga kifaa. Njia rahisi zaidi ni kuchukua kompyuta ya mezani iliyostaafu na kuiwekea OpenMediaVault, mfumo wa bure uliojengwa juu ya Debian, ukapata kihifadhi kinachoendelea kupokea masasisho. Hasara yake ni umeme: kompyuta ya mezani hula uniti nyingi kuliko kisanduku kidogo, na kwa kifaa kinachowaka saa 24 tofauti hiyo itaonekana kwenye LUKU.

Kununua kingine, na kuaga cha zamani

Dukani, pamoja na bei na ukubwa, uliza kifaa kitapewa masasisho hadi lini. Wauzaji wengi hawajazoea swali hilo, lakini jibu lake linapatikana kwa urahisi zaidi siku hizi. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inawataka watengenezaji wa vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na mtandao kutaja muda wa chini wa kutoa masasisho ya usalama, na inapiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana kwa vifaa vyote. Umoja wa Ulaya nao una sheria yake, ambayo wajibu wake mkuu utaanza kutekelezwa tarehe 11 Desemba 2027. Sheria hizo hazifanyi kazi Tanzania, lakini modeli nyingi zinazouzwa Kariakoo ndizo zinazouzwa huko, na tamko lililotolewa kwa mnunuzi wa London linaweza kusomwa na mnunuzi wa Dar es Salaam. Kwa kifaa kilichotumika, fanya hesabu hiyo kabla ya kufungua pochi: kisanduku cha bei nafuu kilichobakiza miezi sita ya msaada ni ghali.

Kihifadhi cha zamani kisiuzwe wala kutupwa kikiwa na diski zilizojaa. Kufuta makabrasha, au hata kurejesha hali ya kiwandani, mara nyingi huacha data zikiweza kufufuliwa. Diski iandikwe upya yote, kipande kwa kipande, kwa kutumia chaguo la kufuta kikamilifu. Ikiwa imekufa na haiandikiki, itobolewe kwa drili. Kwa mwenye studio, zahanati, shule au ofisi yoyote inayotunza taarifa za watu wengine, hili si la hiari, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamwajibisha mtunzaji wa taarifa hizo kuzilinda. Diski zikishatolewa, kisanduku kitupu kinaweza kuuzwa pamoja na adapta yake.